Kabla hujanunua VX, ipandishe jeki uitazame chini

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwajibu watu wa Wete wanaoniuliza, na mwaka huu wamezidi, kwa nini nang'ang'ania gari la zamani wakati kila meli inashusha mengine. Nimeona niandike gazetini kwa sababu wanaouliza karibu wote wamo mbioni kununua magari makubwa wenyewe, na hesabu wanayoipiga ni ya siku ya kununua tu. Mimi nataka kusema nao juu ya mwaka wa tano na wa kumi.

Gari ninalolisema ni Toyota Land Cruiser VX, toleo la 100, la mwaka 2001, dizeli ya silinda 6, lita 4.2, yenye turbo. Tulilinunua mimi na kaka yangu, mtumba kutoka Japani, kwa fedha za karafuu tulizowauzia ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kutoka shamba letu la urithi la Mtambwe. Kaka sasa anaishi Maskati; shamba na gari nimebaki navyo mimi. Kila msimu hunipigia simu: "Dada, liuze hilo, nitakuongezea uchukue V8, lile toleo jipya zaidi." Anasema kwa mapenzi, na mimi humjibu kwa mapenzi kwamba silitoi.

Sababu ya kwanza haihusu ufundi. Hapa mtaani kwetu Bopwe gari kubwa halina mwenyewe mmoja. Mlango ukigongwa usiku wa manane, mimi nachukua ufunguo kwanza ndipo nauliza kuna nini. Huwa ni mama aliyeshikwa na uchungu, au mzee aliyepandisha presha, au wakati wa msimu, mchumaji aliyeanguka mkarafuuni. Viti vya nyuma vinakunjwa, godoro linaingia, mgonjwa analala amenyooka hadi Hospitali ya Wete. Na ikibidi aende Hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, ni safari ya kukata karibu kisiwa kizima, na barabara zetu za milima na kona mnazijua. Wako wanaoyaita magari haya mashangingi na kuona kwamba ni fakhari tupu. Wangekaa nyuma na mgonjwa mmoja wakamshika mkono, wasingesema hivyo. Gari linalotegemewa namna hiyo haliwezi kuachwa liende kwa kubahatisha, na ndiyo maana nimejifunza kusimama gereji mwenyewe badala ya kutuma mtu.

Fundi wangu, mtu mzima aliyeanza kazi hii enzi za Land Rover, aliniambia maneno ambayo ningependa kila mnunuzi ayasikie: "Mama, magari haya huku kwetu hayafi kwa injini. Yanaliwa chini."

Pemba ina urefu wa kiasi cha kilomita 67, na upana wake pale palipo papana zaidi ni kama kilomita 23. Hori za bahari zinaingia ndani kila upande. Ukilaza gari Wete, Chake Chake au Micheweni, umelilaza pwani. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma kilichoshika chumvi hakikauki hata siku ya jua kali. Kinabaki na unyevu usioonekana, na kutu inafanya kazi usiku na mchana. Kusi ikivuma utaona kioo cha mbele kina ukungu mweupe asubuhi. Ukungu huo huo umeingia chini, na huko hakuna anayepitisha kitambaa.

Land Cruiser imejengwa juu ya chesisi, yaani mapao mawili marefu ya chuma yaliyo matupu ndani, na bodi ikawekwa juu yake. Mapao hayo yana matundu ya kutolea maji. Udongo wetu mwekundu ukiingia wakati wa masika unaganda humo, matundu yanaziba, na maji yanakaa ndani ya chuma. Kwa nje rangi inang'aa, kwa ndani pao linaliwa.

Kwa hiyo nyuma ya nyumba nilimwita mwashi akanijengea vipando viwili vya zege, vya kupandisha magurudumu. Kila gari likitoka Vumawimbi au popote lilipogusa mchanga wa pwani, na kila likishuka melini kutoka Unguja, halilali kabla ya kuoshwa chini kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Naingiza mpira wa maji kwenye tundu la nyuma la chesisi, najilaza pembeni natazama. Kwanza yanatoka mekundu mazito kama yalivyoingia, na vipande vya majani. Halafu yanatoka ya kahawia. Nangoja. Yakitoka meupe kwenye tundu la mbele, nahamia pao la pili. Halafu nafungua milango yote minne na kupitisha kijiti kwenye vitundu vya chini ya kila mlango, maana huko nako maji ya mvua yanashuka kupitia kioo na yanataka njia. Kazi hii haina gharama zaidi ya maji na mgongo, na kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kumfundisha mwenye gari wa visiwani, ningechagua hili na kuyaacha mengine yote.

Wavuvi wa Kojani hawangoji chombo kivuje: wanakipandisha, wanakikwangua, wanakikalafati, wanakipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na shahamu, ndipo kinarudi majini. Gari la pwani linataka adabu hiyo hiyo. Wengi wetu hupaka chini oili chafu iliyomwagwa na gereji. Inazuia kutu kiasi, siwezi kukataa, lakini inavimbisha na kuozesha mipira ya bushi, inadondoka ardhini, na ardhi hiyo ndiyo yenye visima vyetu. Mimi natumia dawa ya nta ya kupuliza ndani ya chesisi, baada ya kuosha na kuacha likauke kabisa. Ukipulizia juu ya unyevu umeifungia kutu ndani.

Jambo jingine ni samaki. Gari kubwa lina nafasi nyuma, na nafasi hiyo inamtia mtu tamaa. Ndoo ya changu kutoka Tumbe, kiroba cha mwani, pweza ndani ya mfuko wa plastiki uliochanika. Maji yake yanapita kwenye kapeti, yanashuka hadi kwenye bati la sakafu, pale penye boliti za viti vya nyuma, na kapeti inayazuia yasikauke. Jirani yangu mmoja alinionesha la kwake baada ya kufunua kapeti: vidole vyake vilipita, tukaviona upande wa chini. Kwangu mimi samaki haingii bila ya sinia la bati lenye kingo, na hata mgeni wa heshima namwambia hivyo, kwa upole.

Injini nayo ina mambo machache ambayo ukiyafanya kwa wakati itadumu hadi ikuzike. La kwanza ni mkanda wa taimingi. Dizeli hizi za lita 4.2 zina mkanda wa mpira, si cheni, na kwenye magari yaliyotoka Japani kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kilomita zikifika 100,000. Mkanda ukikatika gari likiwa linakwenda, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unazungumza habari ya injini nzima. Sasa, mtumba unaponunuliwa, kilomita zinazoonekana zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma, na taa inaweza kuwa imezimwa bila ya mkanda kubadilishwa. Kwa hiyo mkanda, pamoja na puli yake ya kukazia, ubadilishwe mara tu gari linapofika mikononi mwako, hata muuzaji akuapie kwa jina la nani. Sisi tulifanya hivyo kabla ya kuweka hata pafyumu ndani.

Oili nayo: gari hili linameza kama galoni mbili za lita 5, wakati IST haifiki lita 4. Chujio la dizeli lina kijikofia chini cha kutolea maji. Masika yakianza nalifungua mara kwa mara na kuacha maji yadondoke kwenye chupa ya kioo, nione mwenyewe mstari unaotenga maji na mafuta. Wanaomiliki V8 ya dizeli ya lita 4.5, ile ya toleo la 200 iliyotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2021, wanatakiwa wawe wakali zaidi yangu katika hili, kwa sababu nozeli zake zinapuliza kwa shinikizo kubwa sana kupitia vitundu vidogo sana, na tone la maji au uchafu haziusamehi.

Hapo ndipo ninapomjibu kaka yangu. Sina ubaya na V8. Ni gari zuri, lina nguvu, limetulia barabarani. Lakini likiwasha taa ya injini linataka kompyuta ya kulisoma na mtu anayejua kinachosomwa, na huku kwetu mara nyingi mwisho wake ni kulipandisha melini kwenda Unguja au Dar es Salaam. La kwangu lina umeme kidogo kwenye pampu, mengine yote fundi wangu anayaona kwa macho na kuyasikia kwa sikio. Mtu anunue gari ambalo mafundi wa mahali anapoishi wanaliweza. Kijana wa mjini Unguja mwenye fundi mzuri karibu, achukue la kisasa akitaka. Wa Makangale au Kengeja afikiri mara mbili.

Niseme na habari ya shokapu, kwa sababu ndipo vijana wengi wanapopigwa bumbuazi. VX nyingi za toleo la 100 zilikuja na mfumo wa haidroliki unaopandisha na kushusha gari kwa kubonyeza kitufe. Raha yake ni kubwa. Lakini mfumo huo una vidude vya duara vyenye gesi ambavyo vinachoka kwa umri, na mabomba ya chuma yanayopita chini ya gari, palepale kwenye chumvi. Vikichoka, gari linaruka kama lisilo na shokapu kabisa. Kuurudisha upya ni ghali, kwa hiyo wengi, na sisi pia, huuondoa na kuweka springi na shokapu za kawaida. Hakuna ubaya, ila kazi hiyo isifanywe nusu. Gari lenye mfumo ule lina vyuma vya msokoto vya mbele, mafundi wanaviita tosheni, vilivyo vyembamba, kwa sababu haidroliki ilikuwa inasaidia kubeba uzito. Ukitoa haidroliki lazima uweke tosheni nene. Fundi anayebadilisha nyuma tu anakukabidhi gari lililoinama pua, lenye kula tairi, na zito kuliongoza kwenye kona, na hili ni gari la kama tani mbili na nusu kabla hujapakia watu. Nimeona zaidi ya moja la namna hiyo likipita hapa Wete, na wenyewe wanalalamikia Toyota.

Tairi za saizi hii, 275/70 kwa rimu 16, nne zake ni zaidi ya shilingi milioni moja, kwa hiyo watu hununua za bei nafuu bila ya kutazama umri. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. Zikiandikwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi jipya lililokaa dukani miaka sita kwenye joto letu lina kashata, yaani meno, nzuri na mpira mkavu, nalo ndilo linalopasuka ukiwa na abiria saba. Someni tarakimu hizo kabla ya kulipa.

Fedha za haya yote zinatoka wapi? Kwangu zinatoka kwenye karafuu, na karafuu hazizai sawa kila mwaka. Msimu ukiwa mkubwa, siku ile ile ninayopokea malipo natenga fungu la gari kabla ya harusi, kabla ya bati, kabla ya kumkopesha mtu. Msimu ukiwa mdogo, gari linatembea kidogo. Linawekwa kwa wagonjwa na shughuli za lazima, na mimi napanda daladala kama watu wengine, wala sioni haya. Wanaoumia ni wale walionunua kwa fedha za mkupuo, za kuuza kiwanja pwani labda, wakamaliza zote kwenye gari na ushuru wake. Gari linatembea vizuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili linadai tairi na breki, hakuna kitu. Mwaka wa tatu limeegeshwa chini ya mshelisheli, kuku wanalalia ndani. Yananiuma haya, kwa sababu chuma kile kingeweza kumtumikia yule mtu na mtaa wake miaka ishirini. Toleo la 100 liliacha kutengenezwa 2007. Hata lililo changa kabisa sasa linakaribia miaka ishirini, na yaliyotunzwa bado yanabeba.

Kwa anayenunua leo ninamwomba kitu kimoja. Usitazame ngozi ya viti wala skrini. Chukua fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, lipandisheni gari, ingieni chini na nyundo ndogo na bisibisi. Fundi atalipiga pao la chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Akifika pabovu mlio unakatika, na akichokoa kwa bisibisi vinadondoka vibamba vya kahawia, tabaka juu ya tabaka. Pahali pa kutazama zaidi ni juu ya ekseli ya nyuma na karibu na boliti zinazoshika bodi. Na ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, hapo ndipo pa kukwangua. Msidhani kwa kuwa gari limetoka Japani halina kutu. Huko Hokkaido na mikoa mingine ya theluji barabara humwagwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na gari lililoishi huko linakuja kwetu likiwa tayari limeshaliwa, halafu sisi tunalimalizia.

Sasa naomba niseme na wakubwa wetu. Ukaguzi wa vyombo vya moto ninaoujua mimi hutazama taa, honi, breki, na karatasi za bima. Sijawahi kuona mkaguzi akiingia chini ya gari langu. Gari la tani mbili na nusu lenye chesisi iliyooza linaweza kupasi na kubandikwa stika, kisha likabeba watoto wa skuli kwenda matembezi Ngezi. Naomba kila kituo cha ukaguzi Unguja na Pemba kichimbwe shimo la kuingia chini, na chesisi iandikwe kwenye fomu, na gari lililooza lirudishwe nyumbani hata kama ni la mtu mkubwa. Mwenye gari apewe muda wa kulichomelea kwa fundi anayejua, kwa bati nene na si kwa kiraka cha kopo, kisha alirudishe likaguliwe tena.

Na katika vituo vya mafunzo ya amali, kile cha Vitongoji na cha Daya kule Mtambwe, wanafunzi wa ufundi wa magari wapewe mashine za kusomea injini za kisasa, pamoja na magari mabovu ya kujifunzia, ambayo serikali yenyewe haikosi. Wasichana nao waitwe. Mimi nimesimama gereji miaka mingi na hakuna kitu nilichokiona huko ambacho mikono ya mwanamke haikiwezi, isipokuwa kufungua nati za gurudumu zilizokazwa na mwanamme mwenye hasira, na hizo hata wanaume wenzake hutumia bomba.

Bandarini Wete na Mkoani pawekwe mpira wa maji baridi na sehemu ya kuoshea chini kwa magari yanayoshuka melini, hata kwa kulipia. Mimi nitalipa.

Ukaguzi wa chini ukianza kabla ya masika yajayo, niko tayari gari langu liwe la kwanza kuingizwa shimoni, na fundi wangu amesema atakuja na nyundo yake.

Msomaji wako,
Mama wa Bopwe
Wete, Pemba
(Jina langu kamili nimekukabidhi, Mhariri)